Sikio Kwanza, Ikwalaiza Baadaye

Iafoni nyingi zinazorudishwa kwa wauzaji wa Masisi na Walikale hazina ubovu wowote. Mteja amenunua Jumatatu, Alhamisi yuko mlangoni pa butiki amekunja uso: "Haina besi." Au: "Upande mmoja umekufa." Au lile neno linalowatoa mafundi jasho: "Haisikiki vizuri tu." Muuzaji naye ana majibu mawili mdomoni, kwamba mali ikishauzwa hairudi, au kwamba mteja ameiharibu mwenyewe. Wanaachana kwa maneno makali, na mteja anakwenda kuwasimulia wote waliopanga foleni kisimani. Nawaandikia wauzaji na mafundi wa Sake, Masisi-Centre, Nyabiondo, Rubaya, Walikale-Centre, Mubi na Njingala, pamoja na wanaonunua kwao, kwa sababu ugomvi wa namna hii mara nyingi humalizika mezani kwa dakika kumi bila mtu kurudishiwa hata franka moja.

Shida ni kwamba sisi huanza na kifaa. Tunachomeka, tunachomoa, tunazungusha waya, tunafungua simu na kuhangaika na ikwalaiza. Sikio la mteja hatuliangalii hata kidogo, ilhali sehemu kubwa ya sauti ya iafoni inakamilika humo ndani. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, lina kona mbili, na halifanani na la jirani yake. Hata lako la kulia halifanani na lako la kushoto. Iafoni ileile inayompa kijana wa Mushaki besi ya kutikisa kifua, kwa mama yake itasikika kavu kama redio iliyoishiwa betri, na hakuna aliyedanganya kati yao.

Tuseme mama mmoja mwimbishaji wa kwaya amekuja na malalamiko.

"Mwanangu, hii kitu uliniuzia, upande wa kushoto unasikika mbali."

"Pole, mama. Kaa kwanza. Unasikilizia nini?"

"Mazoezi yetu. Tunarekodi kwa simu, halafu nyumbani naangalia nani anaimba vibaya."

"Sawa. Sasa geuza, mama. Ile ya kushoto weka sikio la kulia, ya kulia weka la kushoto. Usiguse kitu kingine."

Anageuza, anasikiliza, na jibu limepatikana. Kama udhaifu umehamia sikio la kulia pamoja na iafoni yake, basi kifaa ndicho kibovu au kichafu. Kama udhaifu umebaki palepale sikio la kushoto, kifaa ni kizima. Kipimo hiki hakihitaji umeme, mashine wala cheti cha shule, na bado nimewaona mafundi wenye meza zilizojaa vyuma vya kila aina ambao hawajawahi kukitumia.

Ikitokea kwamba tatizo liko kwenye sikio, ulimi wa fundi unahitaji adabu. Usiseme, "Iafoni nzima, mgonjwa ni wewe." Mwambie: "Mama, kifaa tumekiona kiko sawa, tumwombe muuguzi atazame sikio." Mara nyingi ni nta iliyogandamana, na kituo cha afya wataitoa. Asichokonoe kwa njiti ya kiberiti, ufunguo au kifuniko cha kalamu, maana ataisukuma ndani zaidi. Lakini katika pande zetu kuna watu wengi waliowahi kuwa karibu na bomu au bunduki ikilia, na wakabaki na mlio usioisha au sikio lililopungua nguvu, na hawakumwambia mtu. Wengine wanaligundua jambo hilo kwa mara ya kwanza mbele ya meza yako, wakidhani wameuziwa kitu kibovu. Na mtu akikuambia sikio moja limeziba ghafla, jana lilikuwa zima na leo halisikii, mhimize afike kwa daktari siku hiyohiyo au kesho yake. Upungufu wa ghafla wa namna hiyo una dawa mapema, ukicheleweshwa wiki kadhaa nafasi ya kupona hupungua sana.

Kama kifaa ndicho chenye shida, tazama kwanza kile kichujio kidogo chenye matundu mdomoni pa iafoni. Nta ikikikalia, sauti inashuka upande huo pole pole mpaka mteja anasema umekufa. Toa kimpira, shika iafoni mdomo ukitazama chini ili uchafu uanguke nje usirudi ndani, kisha pangusa kwa mswaki mkavu na laini. Usimwagie maji, wala usichome kwa sindano.

Tuje kwenye malalamiko ya besi. Sauti nzito hudumu ndani ya tundu la sikio pale tu tundu limezibwa vizuri. Penye upenyo mdogo kama unene wa uzi, besi inatoroka, na zinabaki sauti kali za juu peke yake. Mwombe mteja apige wimbo wenye besi, kisha asukume iafoni taratibu kwa ncha ya kidole. Besi ikirudi anaposukuma na kupotea anapoachia, usiguse simu wala waya. Badilisha kimpira. Iafoni nyingi huuzwa na saizi tatu za vimpira, mdogo, wa kati na mkubwa, na wauzaji wetu wengi hutupa pakiti ya vimpira pamoja na boksi au huwapa watoto wachezee. Ndiyo mali yenyewe hiyo! Mtu mmoja anaweza kuvaa wa kati kulia na mkubwa kushoto, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Mfundishe pia namna ya kuvaa. Watu wengi wanachomeka iafoni kama wanavyochomeka chaja. Mkono wa upande wa pili upite juu au nyuma ya kichwa, ushike sikio na kulivuta juu kidogo na kurudi nyuma, ile kona inyooke. Kisha mkono mwingine uingize iafoni kwa kuizungusha taratibu, na hapo ndipo sikio liachiwe. Kimpira cha sponji kinabanwa kwanza kwa vidole mpaka kiwe chembamba, kinaingizwa, kinashikiliwa kama nusu dakika kivimbe ndani. Waya ukipitishwa juu ya sikio na kushuka kwa nyuma, hauvuti iafoni mtu anapotembea.

Ukitaka wateja wakubali kujaribu vimpira mbele yako, weka mezani vimpira vya majaribio, chupa ndogo ya spiriti na pamba safi, na upanguse wakiona. Hakuna anayetaka kuvalishwa nta ya mtu asiyemjua. Walikale, kwenye joto na unyevu wa msitu, fangasi wa sikio si hadithi, na iafoni inayopita kutoka kaka kwenda dada kwenda binamu ndiyo usafiri wake. Juu Masisi, milimani kwenye baridi, tatizo hili ni dogo zaidi, ila halijaisha.

Kuna ubovu mmoja ninaoupenda, kama fundi anaruhusiwa kupenda ubovu. Mteja anakuja akisema: "Muziki unapiga, magitaa nasikia, lakini mwimbaji amekwenda wapi?" Kweli ukisikiliza, ngoma na vinanda vipo, vya mbali mbali kama vinapigwa ndani ya pipa, na sauti ya mwimbaji imefutika. Mteja anadhani wimbo umeharibika au simu imeingiliwa na virusi. Sababu ni waya mmoja tu. Iafoni ina waya wa kushoto, wa kulia, na wa pamoja unaorudisha umeme wa pande zote mbili. Huo wa pamoja ukikatika, pande mbili zinaungana na kupiga kile tu kinachotofautiana kati ya kulia na kushoto. Mwimbaji karibu siku zote hurekodiwa katikati, sawa kwa sawa pande zote, hivyo anajifuta mwenyewe. Kabla hujafungua chochote, muulize kama anatumia simu ya zamani na iafoni mpya, au kinyume chake. Kwenye pini zenye maikrofoni, mpangilio wa zamani na wa sasa umebadilishana nafasi ya waya wa pamoja na ya maikrofoni, na dalili zake ni hizihizi. Bonyeza kitufe cha kujibia simu na ukishikilie. Mwimbaji akirudi mara moja, hakuna kilichokatika. Pini na simu hazielewani tu, na iafoni hiyo itapiga vizuri kwenye simu nyingine.

Kama waya umekatika kweli, mara nyingi ni pale karibu na pini, panapokunjwa mfukoni kila siku. Kata, vua gamba, utaona nyuzi nyembamba za rangi: kwa kawaida nyekundu ni ya kulia, kijani au buluu ni ya kushoto, na ya rangi ya shaba ni ya pamoja. Rangi hizo ni varnishi, na varnishi haipitishi umeme. Hapa ndipo mafundi wanaoanza hukwama: wanasokota nyuzi, wanafunga kwa selotepu, na sauti haitoki. Inabidi varnishi iungue. Weka tone la bati la kulehemu kwenye ncha ya chuma cha moto, tumbukiza ncha ya uzi humo na usubiri mpaka moshi utoke na uzi ung'ae. Ndipo uunganishe. Halafu ziachie nyuzi nafasi kidogo zisivutike, na ufunike kwa mpira unaonywea kwa joto.

Karibu nusu ya bati la dunia huishia kwenye kazi hiyo ya kulehemu, na si kidogo kinachotoka Walikale. Zamani ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kubeba mchanga wa bati wa Bisie, na tangu 2019 kampuni ya Alphamin inachimba huko kwa mashine. Linakwenda ng'ambo kuyeyushwa, linarudi kwetu limezungushwa kwenye kibiringo cha plastiki, tunalinunua kwa bei ya mgeni. Rubaya nako, koltani yake imo ndani ya simu uliyoishika. Basi angalau tujue kuvitumia.

Tukishamaliza sikio, kimpira na waya, sasa tunaweza kuzungumzia ikwalaiza, na ndiyo sababu nimeichelewesha. Fundi anayeanza na ikwalaiza anatibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

Simu nyingi za Android zina vitelezi vitano: hezi 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Mteja hatakuambia, "Nipunguzie 230." Atasema sauti "imejaa", au mhubiri anaongea "kama yumo ndani ya mtungi". Hapo shusha 230 kidogo. Akisema "inachoma" au "inakwaruza" waimbaji wanapopanda juu, shusha 3,600. Akisema maneno ya habari hayashikiki, shusha 60 na 230 kabla hujapandisha kitu, kwa sababu huenda besi ndiyo inayoyafunika. Kile cha 14,000 ni cha mng'ao wa vyombo kama matoazi. Wazee wengi hawasikii tofauti hapo, na hilo ni jambo la umri, si ubovu. Andika maneno ya wateja wako kwenye daftari pamoja na kitelezi kilichowaridhisha. Baada ya muda utakuwa na kamusi yako mwenyewe, na mteja mpya akisema "iko nzito" utajua uzito upi.

Kushusha ni bora kuliko kupandisha. Ukipandisha besi mpaka mwisho, simu inazidiwa na sauti inapasuka, kisha mteja anarudi akisema umemuuzia spika iliyochanika. Na kuna mtego ambao hata mafundi wa studio huangukia: kati ya sauti mbili, ile kubwa zaidi husikika nzuri zaidi, hata kama ni mbaya. Kila ukibadilisha kitelezi, rekebisha kwanza ukubwa wa sauti ulingane na wa mwanzo, ndipo umuulize mteja ipi imempendeza. Usipofanya hivyo, utakuwa unamuuzia kelele.

Wimbo wa kupimia uwe anaoujua yeye. Kwa mtu mzima wa Kongo sijaona kipimo kizuri kuliko sebene ya rumba. Rumba yetu iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, lakini kazi yake mezani kwa fundi ni nyingine: mle ndani kuna gitaa la solo, la mi-solo, la kusindikiza na la besi, yote yakikimbia pamoja, na atalaku juu yake. Mwambie mteja afuate mi-solo peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Akiweza, iafoni imekaa vizuri. Ikimpotea kila besi inapoingia, shusha 230. Kwa mama wa kwaya tumia rekodi yake mwenyewe ya mazoezi, hata kama ni mbaya, kwa sababu yeye anajua Mama Fulani alisimama wapi na aliimba sauti gani.

Kabla ya kuuza, swali moja linaokoa ugomvi mwingi: "Unasikiliza redio?" Katika simu zenye FM, waya wa iafoni ndio antena. Mtu anayesubiri habari za Radio Okapi, inayorusha tangu 2002, kwa simu isiyo na inite, akiuziwa iafoni ya Bluetooth atakuwa amenunua kitu kizuri kilichomnyima kile alichokijia. Muuzie yenye waya, hata kama faida yake ni ndogo.

Sasa niseme juu ya zile iafoni za kutengenezewa kwa umbo la sikio lako mwenyewe, kwa sababu vijana wa studio na wapiga vyombo wa makanisa wanaziulizia. Zilianza kwa mafundi wa vifaa vya viziwi, waliokuwa wakitengeneza vipande vya kukaa sikioni. Mwaka 1995 Mmarekani Jerry Harvey, aliyekuwa fundi sauti wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen jozi ya kusikilizia jukwaani, na kampuni ya Ultimate Ears ikazaliwa. Bei yake leo huanzia dola mia chache na kuvuka elfu moja. Sitamshauri yeyote anayetaka kupiga muziki njiani azinunue. Mwimbishaji anayesimama kila Jumapili mbele ya maspika makubwa, mtangazaji anayevaa hedifoni saa nyingi, mfanyakazi wa mashine za kusaga mawe anayehitaji kuziba masikio: hao naelewa. Na kwa wengi wao kuna njia ya kati, yaani vifuniko laini vya silikoni vya umbo la sikio lako vinavyovalishwa juu ya iafoni ya kawaida. Bei ni ndogo zaidi, na iafoni ikifa, kifuniko kinahamia nyingine ya aina hiyohiyo.

Kila kitu hapa kinategemea kalibu, yaani umbo la sikio lako linalochukuliwa kwa silikoni. Mtaalamu wa usikivu anatazama sikio kwa taa, anahakikisha hakuna nta wala kidonda, anaweka kijisponji chenye uzi ndani kulinda ngoma ya sikio, kisha anaingiza silikoni laini ya kazi hiyo na kusubiri dakika chache ikauke. Kazi hii haifanywi kwenye butiki. Kuna wanaojaribu kwa silikoni ya kuzibia mabati au ya meno. Ikishikamana ndani, hata hospitali itahangaika kuitoa. Nenda kwenye kliniki ya usikivu, na kwa watu wa kwetu hiyo mara nyingi ina maana ya safari ya Kampala au Nairobi. Fanya hivyo ukiwa na shughuli nyingine ya kukupeleka huko.

Mwimbaji amwambie mtaalamu mapema kwamba yeye ni mwimbaji. Taya likifunguka, tundu la sikio linabadilika umbo. Kalibu ikichukuliwa mdomo ukiwa umefungwa, iafoni itakaa vizuri ukinyamaza, na ukifungua kinywa kuimba besi itatoroka. Kwa waimbaji, kipande hung'atwa kati ya meno mdomo ubaki wazi mpaka silikoni ikauke. Kalibu ipite kona ya pili ya sikio, isiwe na mashimo wala mikunjo. Ipige picha kabla ya kuituma kwa mtengenezaji. Na kalibu ya miaka iliyopita usiitume. Masikio hubadilika mtu akinenepa, akikonda, au akiwa bado kijana anayekua.

Jozi ikifika, siku mbili tatu za kwanza sikio litaona ugeni. Hilo ni kawaida. Ila kama panauma mahali palepale kila siku, au sauti inavuja kila unapofungua mdomo, si kawaida, na ni haki yako irekebishwe. Usiandike "inaniuma". Vaa, itoe, weka alama ya kalamu kwenye gamba mahali panapogusa penye maumivu, piga picha pande tatu, na ueleze: sikio gani, baada ya muda gani, mdomo wazi au umefungwa. Kwa maelezo hayo mtengenezaji anajua akwangue wapi. Bila hayo atakwangua kwa kubahatisha, na gamba lililokwanguliwa kupita kiasi linavuja.

Watengenezaji wengi hurekebisha umbo bure ndani ya takriban mwezi mmoja. Hapa mteja wa Masisi au Walikale aamke. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na vifurushi vikapitia Kigali au Kampala. Kutoka hapo mpaka Nyabiondo au Walikale-Centre, mwezi unaweza kuishia njiani. Kabla ya kulipa, pata jibu la maandishi kwenye maswali matatu: mwezi unahesabiwa kuanzia siku ya kutuma au siku uliyoipokea mkononi, usafiri wa kurudisha analipa nani, na wakirekebisha mara ya kwanza bila kufaulu, ya pili ni bure au la. Muuzaji makini atajibu kwa furaha. Anayejibu "usijali, tutaelewana" atakusumbua.

Muuzaji wa hapa kwetu naye ajibu maswali hayohayo kwa wateja wake wa mbali. Mteja wa Pinga anatuma pesa kwa M-Pesa au Airtel Money kwa butiki ya Goma, iafoni inapanda moto, yaani pikipiki, inapita Sake na vizuizi vyote vilivyo mbele. Pima kifaa pande zote mbili, piga video fupi kikiwa kinapiga, mtumie mteja. Fungasha na vimpira vyote. Weka risiti yenye bei halisi, ili kizuizini asitokee wa kuikadiria upya. Mkabidhi motari mbele ya mtu wa tatu na utume namba yake kwa mteja. Mteja naye, akipokea, afungue mbele ya motari na kurekodi. Video mbili, ya kutuma na ya kupokea, zinamaliza mabishano ambayo hata wazee wa kijiji wasingeyamaliza.

Na kumbukumbu za wateja zikae kwenye simu, na nakala kwa ndugu aliye mji mwingine. Walikale-Centre ilitekwa na waasi wa M23 Machi 2025 na wapiganaji hao wakaondoka mapema Aprili. Maduka yalifungwa, watu walikimbia, madaftari yakabaki nyuma. Fundi aliyekimbia na orodha ya kazi za watu ndani ya simu yake aliweza kuwaandikia wateja wake, "Kifaa chako ninacho." Usidhani wamesahau nani aliwaandikia na nani alizima simu.

Bado kuna jambo la ukubwa wa sauti, na hapa sikio lililozibwa vizuri linalipa faida yake. Kelele za nje zikipungua, huna haja ya kupandisha sauti ili kuzishinda. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa hizo zinabaki nne kwa wiki nzima. Ukifika 100, dakika ishirini. Hatuna vipimo vya desibeli mifukoni, kwa hiyo tumia hiki: ukiwa umevaa iafoni zilizokaa vizuri na jirani yako anaweza kuutambua wimbo, umevuka. Mwimbaji naye asitoe iafoni ya sikio moja ili asikie kanisa. Sikio lililobaki litapandishiwa sauti zaidi. Mwambie fundi mitambo akuongezee sauti za waumini kidogo ndani ya mchanganyiko wako.

Barabarani mambo yanageuka. Kule kuziba tulikokutafuta mezani, kwenye njia ya Sake kwenda Masisi kunakuwa hatari. Anayetembea anahitaji kusikia lori likiteleza kwenye tope nyuma yake, mtu akimwamuru asimame, au mlio unaoanzia upande wa pili wa kilima. Motari, zote mbili ziwe mfukoni. Mwenye miguu, kama ni lazima, sikio moja na sauti ya chini, na akikaribia kizuizi aitoe kabisa. Wengine wamepigwa kwa kudhaniwa wanarekodi. Mwambie mteja haya unapomkabidhi kifaa, hata kama ni kijana anayekucheka.

Kwa fundi anayetaka kuanza kazi hii wiki hii, mtaji si mkubwa: chuma cha kulehemu kinachokubali betri ya sola, kibiringo cha bati jembamba, pini kumi na mbili za akiba, mpira wa kunywea kwa joto, mswaki mpya, spiriti, pamba, na mfuko wa vimpira vya saizi zote vilivyopangwa kwenye kijisanduku chenye vyumba. Bei za kusafisha na kubadilisha kimpira ziandikwe ukutani, na kazi ya kupima kwa kugeuza masikio iwe bure. Ukibadilisha pini, mpe mteja karatasi yenye tarehe, kazi iliyofanyika na muda wa dhamana. Mimi ningempa mwezi mmoja kwa sehemu niliyolehemu mwenyewe, na nisingemdhamini kwa waya uliobaki, kwa sababu huo sikuushika.